Kushusha video fupi za mitandaoni mpaka zikae kweli kwenye simu

Ile alama ya utepe iliyo pembeni mwa video ya TikTok au Instagram haishushi kitu kwenye simu. Ukiigusa, unaiandikisha video kwenye orodha yako huko huko mtandaoni ili siku ukiitafuta uipate upesi. Facebook nayo ina maneno "Save reel" au "Save video", na kazi yake ni ile ile. Mwenye video akiifuta, akifunga akaunti au akiigeuza kuwa ya faragha, orodha yako inabaki na nafasi tupu. Na bando likiisha, fundi cherehani aliyeweka alama kwenye mshono wa kitenge hana cha kumwonyesha mteja aliyesimama mbele yake.

Video iliyoshuka kweli ni faili. Ina jina, ina uzito wa MB, ina folda inamokaa, na inafunguka bila intaneti. Kuipima ni kazi ya nusu dakika: weka simu katika hali ya ndege, toka kwenye programu ya mtandao uliokuwamo, fungua galari, kisha icheze video mpaka mwisho huku ukisikiliza sauti. Usiipime ndani ya TikTok au Instagram, kwa sababu programu hizo hutunza kwa muda video ulizotoka kuzitazama na zinaweza kuzicheza hata data ikiwa imezimwa. Wengi wanadanganyika hapo.

Katika kuchagua njia, anza na kitufe cha programu yenyewe. Kisipokuwepo, muombe mwenye video akutumie. Asipopatikana, rekodi kioo cha simu. Tovuti za kushushia video ziwe za mwisho kabisa, na chini utaona kwa nini.

TikTok

Huu ndio mtandao ulio mwepesi kuliko yote kwa kazi hii. Video ikiwa inacheza, gusa mshale wa kusambaza ulio kulia, chini ya alama za kupenda na maoni. Itapanda orodha yenye safu za alama. Safu ya chini, isogeze kwa kidole mpaka uone "Save video", au "Hifadhi video" kama programu yako iko katika Kiswahili. Ukigusa, utaona asilimia zikihesabika hadi 100. Njia ya mkato ni kukishikilia kidole katikati ya video kwa sekunde moja au mbili. Orodha fupi itatokea na kitufe hicho hicho kimo.

Mara ya kwanza simu itauliza kama unairuhusu TikTok kuweka picha na video kwenye simu. Ukikataa kwa haraka, kila ukijaribu baadaye itashindwa bila maelezo ya maana. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uchague TikTok, ufungue ruhusa, na uruhusu picha na video.

Kitufe kisipoonekana, sababu ziko chache. Mwenye video amezima ushushaji katika mipangilio yake ya faragha. Au akaunti yake ni ya faragha, na hapo hata wewe unayemfuata hutakiona. Au ana umri wa chini ya miaka 16, ambapo TikTok yenyewe imezuia wengine wasishushe video zake. Au si video bali ni picha zilizopangwa zikapewa muziki. Hizo hushushwa kama picha, moja moja. Katika hali hizi zote simu yako haina ubovu wowote, na kuizima na kuiwasha hakutaleta kitufe.

Video utakayoipata itakuwa na alama ya TikTok inayohamahama kwenye kona, pamoja na jina la akaunti iliyoitoa. Kama unaiweka kwa ajili ya kujifunza kupika au kutengeneza feni, alama hiyo haikuzuii kitu, na kwa kweli inasaidia: miezi sita baadaye utajua nani alifundisha na utampata ukiwa na swali.

Kwa wanaotengeneza video zao wenyewe, hapa pana shimo ambalo limewameza wengi. Rasimu za TikTok, yaani video ulizohariri ukaziacha bila kuzichapisha, hukaa ndani ya programu kwenye simu ile ile tu. Ukiiondoa TikTok ili upate nafasi, au ukibadilisha simu, zinapotea zote na hakuna wa kuzirudisha, hata ukiingia kwa akaunti ile ile. Kabla ya kuiondoa programu, fungua rasimu moja moja na uzitoe nje kwa kuwasha chaguo la kuhifadhi kwenye simu lililo katika ukurasa wa kuchapisha. Bora zaidi, rekodi kwa kamera ya kawaida ya simu, hariri katika programu ya kuhariri, halafu ndipo upeleke TikTok. Hivyo unabaki na nakala safi isiyo na alama ya mtandao wowote. Nakala hiyo utaihitaji ukitaka kuipeleka Instagram pia, maana tangu Februari 2021 Instagram ilisema wazi kwamba video zenye alama za programu nyingine haitazipendekeza sana kwa watu.

Instagram, Facebook na YouTube

Kwenye Instagram, fungua reel, yaani video fupi ya huko, gusa alama ya ndege ya karatasi, kisha tazama safu ya chini kabisa. "Download" ipo humo pamoja na kunakili linki. Kitufe hiki kilifunguliwa kwa nchi zote Novemba 2023, kwa hiyo kama hukioni kwenye akaunti yoyote ile, huenda programu yako ni ya zamani na inahitaji kusasishwa. Kama kinaonekana kwa wengine lakini si kwa huyu mmoja, basi amekizima, au akaunti yake ni ya faragha.

Reel yako mwenyewe unaishusha kwa kugusa nukta tatu. Ukikuta imeshuka bila sauti, usihangaike na spika: muziki uliouchukua kwenye maktaba ya Instagram una leseni ya kutumika ndani ya Instagram, na video ikitoka nje muziki unaachwa. Sauti uliyoirekodi mwenyewe haina tatizo hilo.

Facebook haina kitufe cha kuaminika cha kushushia video ya mtu mwingine. Video yako unaweza kuishusha kupitia nukta tatu, "Download video". Kuna jambo moja ambalo kwaya, makanisa na wanaorusha semina hawana budi kulijua: tangu Februari 2025 Facebook inatunza matangazo ya moja kwa moja kwa siku 30 tu, kisha inayafuta. Ukirusha ibada Jumapili, ishushe wiki hiyo hiyo kwa kompyuta au kwa simu yenye nafasi, halafu ukate vipande vifupi kwa utulivu.

YouTube inachanganya watu kwa namna yake. "Download" iliyo ndani ya programu, kwa wenye usajili wa kulipia, huiweka video ndani ya programu hiyo ikiwa imefungwa. Huioni galari, huitumi WhatsApp, na inakutaka uunganishe intaneti angalau mara moja kila siku 30 ili iendelee kufunguka. Ni njia nzuri ya kutazama safarini. Ukitaka faili, haikufai. Kwa Shorts zako mwenyewe, yaani video fupi za YouTube, ambazo tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika 3, ingia YouTube Studio kwa kivinjari, nenda kwenye orodha ya video, gusa nukta tatu za ile unayoitaka na uishushe. Utapewa faili la MP4 lenye ubora wa 720p au 360p, hata kama uliipandisha ikiwa safi zaidi. Ndiyo maana faili la asili halifutwi baada ya kupandisha.

Status za WhatsApp

Kwa watu wengi wa kwetu kazi kubwa iko hapa: harusi ya binamu aliyeko Muscat, tangazo la msiba, mawaidha ya sekunde thelathini, mtoto anayekata keki. Status hudumu saa 24, na WhatsApp haijaweka kitufe cha kushusha ya mwenzako.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuomba. Vuta status juu, andika "Naomba unitumie hiyo video". Akikutumia ya asili, itakuwa safi kuliko ile uliyoiona, kwa sababu WhatsApp huibana video kabla ya kuiweka status. Mwambie aitume kama dokumenti: aguse alama ya klipu ya karatasi, achague dokumenti badala ya galari, atafute faili. Ikipita kama dokumenti haibanwi hata kidogo, na WhatsApp inakubali mafaili ya hadi GB 2.

Kama mwenyewe hajibu na saa zinakwenda, simu ya Android tayari inalo faili hilo. Ukishaitazama status, WhatsApp inakuwa imeiweka kwenye folda iliyofichwa. Kuifikia:

1. Tazama status mpaka mwisho, bila kuruka. Ikiwa intaneti inasuasua, subiri duara liache kuzunguka.
2. Fungua Files ya Google, ambayo simu nyingi za Android zinakuja nayo. Ingia mipangilio yake na uwashe chaguo la kuonyesha mafaili yaliyofichwa.
3. Rudi, gusa hifadhi ya ndani, kisha fuata njia hii: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, .Statuses.
4. Shikilia video unayoitaka, chagua kunakili, uipeleke kwenye folda ya Movies au Download.

Ile nukta iliyo mbele ya neno .Statuses ndiyo inayoificha folda. Bila hatua ya pili utapitia Media nzima na kuapa kuwa haipo. Ukishaingia, usitegemee kuona majina ya watu. Kila faili lina mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, picha za .jpg zimechanganyika na video za .mp4, na status ya shangazi iko bega kwa bega na tangazo la mwenye duka la viatu. Geuza mwonekano uwe wa vijipicha vikubwa, upange kwa tarehe, mpya juu. Uliyoitazama sasa hivi itakuwa mwanzoni.

Folda ikiwa tupu, angalia mambo haya. Kama unatumia WhatsApp Business, njia inabadilika baada ya media: com.whatsapp.w4b, kisha WhatsApp Business, Media, .Statuses. Kama simu yako ina WhatsApp mbili kwa ile huduma ya kurudufu programu, ya pili hukaa kwenye hifadhi yake ya pembeni, na programu nyingi za mafaili haziioni. Kwenye simu za zamani, kabla ya Android 11, folda ya WhatsApp ilikuwa nje moja kwa moja kwenye hifadhi ya ndani, bila kupitia Android wala media. Na kama saa 24 zimepita, WhatsApp imeshafagia. Hakuna programu itakayoirudisha.

Zipo programu dukani zinazofanya hatua hizi kwa niaba yako. Kitu pekee ambacho programu ya namna hiyo inastahili kuomba ni ruhusa ya folda hiyo. Ikiomba orodha ya majina ya watu wako, SMS, mahali ulipo au maikrofoni, iondoe bila kufikiria mara mbili. Kazi ya kunakili faili haihitaji kujua SMS zako. Ziache pia zile WhatsApp za kugushi zinazojisifu kuwa na kitufe cha kushusha status. Haziko kwenye duka rasmi, hakuna anayezikagua, na WhatsApp hufungia akaunti zinazozitumia. Kupoteza namba ambayo wateja wako wote wanaijua kwa sababu ya video ya sekunde 30 ni hasara isiyo na fidia.

Kwenye iPhone folda hii haifikiki. Omba, au rekodi kioo. Na video ya "tazama mara moja" usiihangaikie: WhatsApp imezuia isirekodiwe, na aliyeituma hivyo alikuwa na sababu yake.

Kurekodi kioo

Njia hii hufanya kazi karibu kila mahali, lakini hutoa matokeo mabaya kwa asiyejiandaa. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zinayo ndani yake, na iPhone zinayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Vuta chini ukingo wa juu wa kioo, mara mbili, utafute "Screen record" kati ya vile vitufe vya haraka. Kama hakipo, gusa alama ya kalamu ya kuhariri vitufe na ukiburute kiingie. Kwa iPhone kinaongezwa kupitia mipangilio ya Control Center, kisha unakiona kama duara lenye nukta.

Kosa kubwa ni la sauti. Kabla ya kuanza, Android itauliza sauti itoke wapi. Chagua sauti ya kifaa, si maikrofoni. Ukichagua maikrofoni, simu itarekodi kile spika inachotoa kikiwa kimechanganyika na jogoo wa jirani na pikipiki inayopita. Usipochagua chochote, utapata video bubu. Kwa iPhone, shikilia kile kitufe uone kama maikrofoni imezimwa.

Washa pia hali ya usisumbuliwe, la sivyo ujumbe wa "Umepokea Tsh" utashuka juu ya video, ukiwa na jina na salio, nawe utaisambaza bila kujua. Zima alama za miguso. Punguza maandishi yanayofunika picha: kwenye TikTok, ukishikilia kidole utaona chaguo la kusafisha kioo, ambalo huondoa maelezo na vitufe vyote.

Halafu anza kurekodi kwanza, ndipo uende kwenye video. Iache izunguke mara mbili nzima. Video fupi hujirudia zenyewe, kwa hiyo mzunguko wa pili ndio utakaokuwa safi tangu sekunde ya kwanza. Ule wa kwanza utaukata. Simamisha, fungua galari, gusa kuhariri, sogeza mipini miwili ya kukatia, na uhifadhi kama nakala. Hakikisha nakala inacheza ndipo ufute ile ndefu, kwa kuwa rekodi za kioo ni nzito.

Ukikuta rekodi ina sauti lakini picha ni nyeusi tupu, programu hiyo imelinda picha zake zisirekodiwe. Programu za filamu za kulipia zinafanya hivyo, na za benki pia.

Tovuti za kushushia kwa linki

Mpango wake ni mwepesi kueleza: unanakili linki ya video, unaibandika kwenye kisanduku cha tovuti, unagusa kitufe, faili linashuka. Taabu ni kile kinachozunguka kisanduku hicho.

Chukulia umeshabandika linki na ukurasa umefunguka. Juu kuna kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Download". Chini yake kijipicha cha video yako, kisha vitufe vingine viwili vitatu, na cha mwisho kabisa kimeandikwa "Start" kikiwa na mshale. Kile kikubwa cha juu kwa kawaida ni tangazo. Kitufe cha kweli huwa karibu na kijipicha cha video yako na hutaja aina ya faili au ubora, kama MP4 au 720p. Ukigusa na kikakufungulia ukurasa mpya, rudi nyuma; umegusa tangazo. Ukiulizwa na kivinjari kama tovuti hii ikutumie arifa, kataa. Wanaokubali ndio wale ambao kesho yake simu zao zinaonyesha kila dakika kuwa "simu yako ina virusi 13". Hakuna kirusi, ni tovuti inayotumia ruhusa uliyoipa. Iondoe kwa kufungua Chrome, nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, kisha uifute tovuti usiyoijua.

Lililoshuka, lisome jina lake kabla ya kuligusa. Video huishia na .mp4. Ikiishia na .apk, hiyo ni programu inayotaka kuingia kwenye simu yako, na ikishapewa ruhusa ya SMS inaweza kusoma namba za uthibitisho za benki na za pesa za simu. Ifute hapo hapo. Ikiwa ni .mp4 lakini uzito wake ni KB 40, siyo video. Ni ukurasa wa makosa uliovalishwa jina la video, na ndiyo maana galari inasema faili limeharibika. Mara nyingi linki ilikuwa ya akaunti ya faragha au ilinakiliwa nusu.

Tovuti ikitaka nenosiri lako la Instagram au TikTok, funga. Video iliyo wazi kwa watu wote haihitaji nenosiri. Ikitaka uweke namba ya simu ili "kuthibitisha", funga pia: hivyo ndivyo watu wanavyojikuta wamejiunga na huduma ya SMS inayokata salio kila siku. Ukishanaswa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu na uombe waondoe huduma zote za kulipia ulizounganishwa.

Jambo dogo kuhusu linki zenyewe: ukinakili linki ya Instagram, sehemu inayoanzia kwenye alama ya kuuliza, yenye igsh, inabeba taarifa za nani ameisambaza. Futa kila kitu kuanzia alama hiyo. Linki itafanya kazi vile vile.

MB, nafasi, na video zisizocheza

Hesabu ya uzito ni hii. Video ya megabiti 2 kwa sekunde, ambayo ni kawaida kwa 720p, hutumia megabiti 120 kwa dakika. Gawa kwa 8, unapata MB 15. Kwa hiyo GB 1 ya bando inabeba dakika 66 hivi. Ikiwa ya megabiti 4 kwa sekunde, dakika moja ni MB 30. Rekodi ya kioo ya megabiti 8 ni MB 60 kwa dakika. Na ujue kwamba kutazama kisha kushusha kunaweza kula MB mara mbili, kwani faili la kushushwa linaletwa upya. Mwenye bando la usiku au Wi-Fi ya kazini aweke alama ya utepe mchana, kisha azishushe zote kwa pamoja wakati huo. Hapo ndipo utepe una faida yake.

Video ikishuka lakini haionekani galari, ifuate kwenye Files, sehemu ya video, upange kwa tarehe. Ikiwa ipo huko, washa simu upya. Galari itasoma folda zake tena. Video za magumzo ya WhatsApp zisipoonekana, kuna uwezekano umezima mwonekano wa media kwenye mipangilio ya magumzo.

Sauti ipo, picha hakuna? Faili limebanwa kwa H.265 au mfumo mwingine mpya ambao simu ya zamani haiuelewi. Weka VLC, programu ya bure ya kuchezea video, na ufungue nayo. Ikikwama hata humo kwa kuchelewachelewa, chipu ya simu imeshindwa, na dawa ni kutafuta nakala ya 480p au 360p.

Unapomtumia mwenzako kwa WhatsApp, gusa HD kabla ya kutuma au tuma kama dokumenti. Video iliyopita makundi matano kwa njia ya kawaida huwa imebanwa na kubanwa tena hadi maandishi yake hayasomeki, na ile hesabu ya vipimo vya unga na sukari ndiyo inayofutika kwanza.

Mwenye video

Kuishusha ukaitazama wewe na familia yako ni jambo moja. Kuikata jina la mwenyewe na kuipandisha kwenye ukurasa wako ni jambo jingine, na sheria inalijua: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Msichana aliyekesha akihariri video ya kusuka nywele anapata wateja kwa jina lile lililo kwenye kona. Ukilikata, umekata riziki yake. Ukitaka kuisambaza, tumia kitufe cha kusambaza ili watu wafike kwake, au muombe ruhusa. Video za watoto wa wengine, wagonjwa, ajali na miili ya marehemu zisishushwe kwa ajili ya kupelekwa kwenye makundi. Na picha za faragha za mtu zikisambazwa bila ridhaa yake, Kenya hilo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata kama aliyesambaza si yeye aliyepiga.

Kuzitunza

Tengeneza folda moja ndani ya Movies, uipe jina linaloeleweka, kama Mapishi au Masomo. Kila ukishusha, hamishia humo siku hiyo hiyo na ubadilishe jina: "chapati za maji, vikombe 2" litakusaidia, jina la tarakimu tupu lililoshuka nalo halitakusaidia. Memori kadi inafaa kwa video, lakini kadi za bei ya chini zisizo na jina huanza kupoteza mafaili bila dalili, kwa hiyo zile usizotaka kuzikosa ziwe sehemu mbili. Google Photos hutoa GB 15 za bure, zikigawanywa na barua pepe zako na Drive. Haichukui folda zote yenyewe. Ingia mipangilio ya kuhifadhi nakala, chagua folda za kifaa, uwashe ile uliyoitengeneza, na uzime matumizi ya data ya simu ili ifanye kazi kwenye Wi-Fi tu. Ukisahau hilo la mwisho, bando la wiki litakwisha usiku mmoja simu ikiwa kwenye chaji.